Sisi Tuliobaki Ng'ambo ya Mto Kagera

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu wao, na wazee waliopigana Vita vya Kagera

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Wanangu, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya Vita vya Kagera. Hapa mbele wamekaa wazee waliovipigana, na mbele yao sitathubutu kusimulia mapigano ya Lukaya wala jinsi Kampala ilivyotekwa. Wao walikuwepo. Nitasema habari ya upande mwingine, ambao katika vitabu vya darasani hupewa sentensi moja: majeshi ya Idi Amin yalivamia na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Sentensi hiyo ikishafika nukta, kitabu kinahamia kwenye hotuba ya Mwalimu na maandalizi ya jeshi. Mimi nilikuwa ndani ya sentensi ile. Nilikuwa na miaka 8, nasoma darasa la pili, katika kijiji kisicho mbali na Bunazi, na nukta ilichukua wiki nyingi kufika.

Kwanza mjue mahali penyewe. Mto Kagera unapanda kuelekea kaskazini ukipakana na Rwanda, halafu unakata kwenda mashariki mpaka Ziwa Victoria. Mpaka wetu na Uganda haufuati mto. Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890 walifuata latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, mstari ukapigwa kwenye ramani ukanyooka bila kujali mto wala ukoo wa mtu. Kikabaki kipande cha kilomita za mraba kama 1,800, ambacho ni cha Tanzania lakini kiko ng'ambo ya mto. Ukitoka Bukoba unavuka daraja la Kyaka ndipo ufike Bunazi, na ukiendelea mbele unakutana na Mutukula, mpakani. Barabara ni hiyo na daraja ni hilo. Wakati ule mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya uvamizi, mwaka 1979.

Kwetu mpaka ulikuwa jambo la maofisa. Shangazi yangu aliolewa upande wa Kyotera, Uganda, na alikuja misibani na harusini kama angetoka kijiji cha jirani. Wazee walijua kwamba Amin, tangu aliponyakua madaraka Januari 1971, hakuwa mtu wa kutabirika. Walikumbuka mwaka 1972, wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipojaribu kuingia Uganda kutokea kwetu wakashindwa, na ndege za Amin zikaja kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Watu walilijua hilo, wakaendelea kuchuma kahawa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 wakaingia.

Sitakaa sana kwenye siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo kila mtu huiuliza, na kwa kweli mtoto haioni. Anaona miguu ya watu wazima. Walioweza kukimbia walikimbia. Hesabu inayotajwa ni watu kama 40,000 waliokwenda kusini wakiwa na magodoro vichwani, mbuzi, cherehani. Sisi hatukwenda. Baba alikuwa Bukoba kwa shughuli za kahawa. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kitovu kimedondoka juzi tu. Bibi, mzaa baba, miguu ilikuwa imevimba, hawezi kufika hata shuleni. Mama alisimama uani na mzigo umeshafungwa, akamtazama bibi, akaufungua. Hawakujadiliana. Mwanzoni mwa Novemba wavamizi wakalilipua daraja la Kyaka, na kuondoka kukawa hakuna hata kwa aliyetaka. Amin alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto sasa ni ya Uganda.

Basi, tuliishije?

Usiku wa kwanza bibi alikataa tulale ndani. Kwa Wahaya nyumba inazungukwa na kibanja: migomba, katikati ya migomba mibuni, na ardhini majani makavu yaliyotandazwa. Tukahamia humo. Palikuwa na shimo ambalo baba alivundikia ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, kina chake kimo changu na kidogo zaidi. Kaka yangu wa miaka 13 aliwekwa humo. Mvulana wa umri huo askari akimwona anamhesabu mgambo, na tulikwisha kusikia walichofanyiwa mgambo. Kila alfajiri bibi alilifunika shimo kwa vigogo vya migomba, akatandaza majani makavu juu yake kwa mkono, jani kwa jani, mpaka lisitofautiane na ardhi nyingine. Kisha alirudi kinyumenyume, anachechemea, akifuta nyayo zake kwa tawi la mbuni. Aliachia tundu moja la kupitisha hewa na kulificha kwa kikapu kilichopasuka. Usiku kaka alitoka, akajinyoosha, akarudi. Sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na hawezi kulala katika chumba kisicho na dirisha.

Jogoo walichinjwa. Nadhani lilikuwa jambo la kitongoji kizima, kwa sababu asubuhi moja hapakuwa na jogoo hata mmoja aliyewika, karibu wala mbali. Jogoo akiwika anasema hapa pana watu. Moshi nao unasema. Mchana usingewasha moto kwa sababu ya moshi, na usiku usingewasha kwa sababu ya mwanga. Mama aligundua saa moja tu ya kupikia, alfajiri, ukungu wa bondeni unapokuwa umepanda mpaka kwenye migomba na moshi haujulikani ni upi. Katika saa hiyo alichemsha ndizi za siku nzima. Ukungu usipopanda tulikula ndizi mbivu na muhogo mbichi. Chumvi ilikwisha mapema, na ninyi watoto mkitaka kujua vita vina ladha gani, vina ladha ya ndizi zisizo na chumvi.

Novemba kwetu ni msimu wa senene. Mwaka mzima mtoto wa Kihaya anausubiri. Mvua za vuli zikinyesha senene wanashuka alfajiri wameitapakaa nyika yote, na watu wanatoka mbio na vyombo, makelele, vicheko, kusukumana. Mwaka ule walishuka kama kawaida. Nilikuwa chini ya mbuni nikawaona kwenye majani, kwenye nywele za mama, juu ya blanketi la mtoto, na hakuna mtu aliyeinuka. Bibi aliokota wachache waliokuwa karibu na mkono wake, akawanyonyoa taratibu, akatuwekea. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba zamani kwa desturi mwanamke alikamata senene lakini hakula. Bibi alishika desturi hiyo hata siku ile. Alitupa sisi, yeye hakula.

Mtoto mchanga ndiye aliyekuwa hatari kuliko sisi wote. Nalisema hili kwa kuwa mama ameshafariki. Akiwa hai nisingelisema mbele za watu. Tulijaribu kujificha pamoja na majirani kwenye mafunjo karibu na bonde la mto, na usiku wa pili mtoto alipolia, mwanamume mmoja alikuja akachuchumaa mbele ya mama akamwambia kwa upole, tena kwa heshima zote, "Mama, tunakuomba uhame." Tukahama. Tangu hapo mama hakumwondoa mtoto titini, amelala au ameamka, mpaka chuchu zikatoka damu. Yule jirani tuliendelea kuishi naye baada ya vita. Mke wake na mama walichota maji pamoja miaka mingi. Sijapata kumsikia mama akimlaumu, na mimi pia simlaumu. Alikuwa na watoto wanne mafunjoni. Lakini katika masimulizi ya ushujaa sijakuta mahali pa kuweka jambo kama hili, na ndiyo sababu halisemwi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku huwa hawalitarajii. Askari wa Amin walikuwa wakisema Kiswahili. Jeshi la Uganda lilirithi Kiswahili tangu enzi za KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kikawa lugha ya amri kambini, na askari wengi waliotujia walitoka mbali, kaskazini ya Uganda na hata nje ya Uganda, hawakujua Kiganda wala Kihaya. Bibi yangu hakujua Kiswahili. Mama alijua cha sokoni. Aliyekijua vizuri nyumbani mwetu, ukimtoa kaka aliyekuwa shimoni, nilikuwa mimi, kwa sababu ya shule. Ulikuwa wakati wa elimu kwa wote. Watoto wa umri wangu tulikuwa tukiimba na kuhesabu kwa Kiswahili tangu asubuhi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 akawa mkalimani kati ya jeshi na familia yake.

Walikuja watatu. Tulikuwa tumerudi nyumbani kutafuta sufuria. Mmoja alibaki mlangoni, wawili wakaingia. Aliyeingia kwanza alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, vimembana, kisigino kimekanyagia nyuma. Nilikitazama kile kisigino muda wote kwa sababu niliogopa kuutazama uso. Akauliza, "Wewe mtoto, mzee iko wapi?" Nikasema baba amekwenda safari. Akauliza, "Ng'ombe iko wapi?" Bibi akataka kujua wanasema nini. Nikamwambia wanauliza ng'ombe. Bibi, amekaa chini na miguu yake imenyooka mbele, akanijibu kwa Kihaya kwamba nimwambie yule kijana kwamba mama aliyemzaa naye aione nyumba yake ikiwa hivi, na macho yake yasipone kilio.

Askari akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Bibi anasema karibuni, ng'ombe walishachukuliwa jana na wenzenu."

Akatazama bibi, akanitazama mimi. Wakachukua cherehani ya mama, sufuria mbili na redio ya baba isiyo na betri. Mmoja wao, akiwa anatoka, alisimama kwenye ua akasema sisi sasa ni watu wa Uganda, tusiogope. Walipokwisha kwenda bibi aliniuliza kama nimemfikishia maneno yake yote. Nikamwambia ndiyo. Alifariki mwaka 1986 akiamini hivyo, na ninafurahi kwamba aliamini.

Watu husema watoto hawaelewi vita. Mimi niliwafundisha watoto wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, hapa hapa Kilimanjaro, na nawaambia mtoto anaelewa mapema kuliko mtu mzima ni neno gani lisemwe na lipi lifichwe. Asichoweza ni kuuliza baadaye aliyaelewa kwa sababu gani.

Baba yangu mdogo aliuawa kwa ajili ya ng'ombe. Ni kweli tuliwaambia askari kwamba ng'ombe wamechukuliwa. Wa kwetu walichukuliwa siku mbili baadaye. Maelfu ya ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda majuma yale, na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, na mitambo ya kiwanda cha mbao nayo ikabebwa. Baba mdogo hakuweza kuvumilia. Aliwafuata kwa mbali rweyani, kule malishoni, akidhani usiku atawarudisha hata wawili. Tulisikia risasi, tatu, halafu moja. Mama na bibi walikwenda kumleta usiku. Bibi alikuwa na lubugo, nguo ya gome la mti, ameihifadhi miaka mingi kwa mazishi yake mwenyewe. Alimvika mwanawe. Tulimzika chini ya migomba, kaburi la kina kifupi kwa sababu jembe lingesikika. Kwetu msiba una kilio, una moto unaowashwa, una watu wanaolala nje siku kadhaa. Baba mdogo hakuliliwa. Bibi aliuma upande wa kanga yake. Hicho ndicho kilio alichopata, na inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa upande ule wa mto, kwa hiyo fikirini ni mazishi mangapi yalikwenda namna hiyo, na wangapi hawakupata hata hayo.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia taifa. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kila Mtanzania wa rika langu anaweza kukwambia alikuwa wapi aliposikia maneno hayo. Nikiwa mgeni hapa Moshi, miaka ya mwanzo, nilipenda kuwasikiliza wazee wakisimulia jinsi watu walivyojaa kwenye redio moja, jinsi vijana walivyojiandikisha, jinsi watu walivyotoa ng'ombe, kuku, malori. Sisi ambao ndio sababu iliyotajwa hatukuisikia. Redio ya baba ilikuwa Uganda. Niliisikia hotuba ile mara ya kwanza vita vimekwisha, shuleni, na nililia mpaka mwalimu akanitoa nje. Alidhani ni uzalendo. Nilikuwa nimejua tu kwamba siku zile zote tulipokuwa kimya chini ya mibuni, kulikuwa na mtu anasema kwa sauti kubwa kwa ajili yetu, na hatukujua.

Halafu mizinga ya upande wetu ikaanza kupiga kutoka kusini ya mto. Wazee mliokuwa kwenye mizinga, msininukuu vibaya: ilibidi ipigwe. Lakini kombora halina namna ya kumtambua mwenyeji. Lilipita juu ya migomba likivuma, bibi akawa anasema kwa Kihaya, "Hao ni wa kwetu, hao ni wa kwetu," na huku ametulalia. Katikati ya Novemba Amin alitangaza anaondoa majeshi yake. Kijijini kwetu walikuwa bado wapo, wakipakia mabati ya shule.

Kuelekea mwisho wa mwezi ule jeshi letu lilikuwa limevuka kwa daraja la muda. Na hapa nataka niseme jambo ambalo nimelisubiri sana kuwaambia wanajeshi waliolifanya. Tulipowaona mara ya kwanza tuliwakimbia. Walikuwa na sare, walikuwa na bunduki, walikuwa wakisema Kiswahili. Wale wengine nao walikuwa na hivyo vyote. Mama alikimbia na mtoto, mimi nikamfuata, bibi akabaki amekaa kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Nilikuwa nyuma ya mgomba nikamwona askari kijana anamkaribia. Akapachika bunduki begani, mdomo wake ukatazama chini, akainama, akasema, "Shikamoo, bibi."

Bibi hakujua Kiswahili, lakini shikamoo aliijua. Akaniita kwa jina, kwa sauti kamili, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Oktoba.

Yule askari alitupa biskuti ngumu za jeshi na chumvi kwenye karatasi. Nilimuuliza ametoka wapi, akasema Kilimanjaro. Nilikuwa sijui Kilimanjaro ni wapi. Yeye na wenzake wawili walilitoa shimo la kaka vigogo vyake, wakamshika mikono, wakamwinua. Sikumuuliza jina. Huenda aliishia Masaka au Lukaya, huenda yumo humu ukumbini. Nilipoletwa na kazi katika mkoa huu nilikuja kwa moyo mweupe, na chanzo ni yeye.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Tulivushwa kwenda kusini, tukakaa kwa jamaa hadi mwaka uliofuata. Vita vilisonga mbele, vikaingia Uganda. Tuliporudi shule haikuwa na paa, zizi lilikuwa tupu, na tulikatazwa kuokota chuma chochote porini. Ninyi wa huku mlifunga mikanda. Mwalimu alisema miezi 18, na wazee mnajua ilikuwa mirefu kuliko hiyo. Foleni ya sukari, sabuni ya mgawo, hayo mnayajua kuliko mimi.

Ila kuna jambo moja la mji huu. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, hapa Moshi, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana na kuunda chama cha pamoja, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Wiki chache baadaye, Aprili, Kampala ikatekwa na Lule akaapishwa kuwa rais. Huwa nawaza juu ya mkutano ule. Waliokutana hapa nao walikuwa na nyumba zilizokaliwa na askari, nao walikuwa na mama zao waliobaki nyuma. Na nisiposema hili nitakuwa nimesema nusu. Mutukula ya upande wa Uganda ilibomolewa Januari. Februari majeshi yetu yaliingia Masaka na Mbarara, na sehemu kubwa ya majengo ya miji hiyo ikaangushwa. Shangazi yangu wa Kyotera alikuwa upande huo. Mwanawe, binamu yangu, alikuwa na miaka 8 kama mimi. Alijificha asionwe na askari wa Amin waliokuwa wakirudi nyuma, kisha akajificha asionwe na askari wetu waliokuwa wakija. Tulipokutana baada ya miaka tulikuta tuna habari moja, isipokuwa sare zimebadilishana. Nawapenda wazee hawa waliotukomboa, nitawashukuru mpaka kufa, na nayasema haya mbele yao kwa sababu wanayajua.

Sasa niseme lililonileta.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi Tengeru, karibu na Arusha, kuona makaburi ya Wapolandi. Wengi wenu mmepita pale bila kujua. Mwaka 1942 Waingereza walifungua kambi pale, ikapokea Wapolandi karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Nchi yao ilikuwa imegawanywa na Wajerumani na Wasovieti. Hao wa Tengeru Wasovieti waliwaondoa kwa nguvu mashariki ya Poland wakawapeleka Siberia na kwingineko, na walipoachiwa wakapitia Uajemi mpaka wakafika huku kwetu chini ya Mlima Meru. Watoto walikuwa wamekwisha kuona jeshi la adui ndani ya nyumba yao, kama mimi. Baadhi walifia hapa. Makaburi yao yapo kama 150, yamezungushiwa ukuta, yanafagiliwa. Nilisimama mbele ya kaburi moja la mtoto nikasoma jina lake, herufi kwa herufi, kwa lugha nisiyoijua.

Baba yangu mdogo hana jiwe. Alizikwa nyumbani kwake, katika nchi yake, na hana jiwe. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala mamia ya askari wetu waliokufa katika vita vile, na taifa huwakumbuka, ni haki yao kabisa. Raia wa kijijini kwetu hawana hata orodha kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Watu wa Old Moshi hamhitaji kuelezwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na viongozi wengine 18, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Zaidi ya karne imepita, watu wanakitafuta bado. Mnajua kumtafuta marehemu wa vita ni kazi inayorithiwa. Lakini Machi 1916 pia majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia mji huu kutoka Kenya, mtawala mmoja akatoka akaja mwingine, na kulikuwa na watoto wa miaka 8 Moshi. Walilala wapi? Walikula nini? Walioweza kujibu wamekwisha, wote.

Wa kwetu bado tupo. Nimeanza kuandika daftari. Kila likizo nakwenda Missenyi, wilaya ya kwetu, nakaa na watu waliobaki ng'ambo ya mto, nauliza. Nyinyi wanafunzi mtakaokwenda kuuliza babu na bibi zenu habari za vita, popote walipokuwa, msiwaulize walijisikiaje. Mzee ukimuuliza hivyo atakwambia tuliteseka sana, atanyamaza, nawe utarudi na ukurasa mtupu. Muulize walipika saa ngapi. Muulize mbwa alikwenda wapi. Muulize nani alikuwa na funguo za shule, nani alibaki, mzigo wa kwanza kutupwa njiani ulikuwa upi. Atakapoanza kujibu hayo mwache aende, usimkatize hata akirudia, na majina ya watu anayoyataja yaandike yote, hata ya watoto wachanga.

Nanyi wazee wangu mliovuka Kyaka Novemba ile. Mlipoingia vijijini mlikuta maiti za raia, na wengi mliwazika ninyi, haraka, mkaendelea na safari. Familia nyingine kwetu hazijui mpaka leo mtu wao amelazwa wapi. Aliyezika anaweza kuwa anaishi Rombo, Machame, Marangu, na hajui kuna mtu anamtafuta. Siulizi namba ya kikosi wala siri ya jeshi. Nauliza kama unakumbuka mti, kona ya barabara, kisima, ukuta wa kanisa, kama alikuwa mwanamke au mzee, kama alivaa nini. Daftari ninalo hapa. Nitakaa meza ile ya pembeni mpaka wa mwisho aondoke, na naomba tuanze na mzee wa mstari wa mbele mwenye fimbo, kwa sababu asubuhi aliniambia kwamba alifika Bunazi.